Miguu ya Ndege ya Mbao

Jumapili, 5 Januari. Ibra.

Mara ya tatu asubuhi hii. Nimenyanyua fremu ya ndege kwa winchi hadi usawa wa kiuno, nikaachia. Kishindo. Vumbi. Njiwa wa bandani wakaruka na kuacha uchafu wao juu ya kitambaa cha bawa. Ekseli ilipanda mwanya wote ikagonga mbao ya juu. Wanja nilioupaka humo umefutika kutoka chini mpaka juu, maana yake mpira umeshindwa, na kishindo kilichobaki kimekwenda kwenye kiti.

Kitini pana mifuko miwili ya mchanga. Siku yenyewe atakaa Hamed.

Miguu ya ndege hizi za zamani ni kitu rahisi kukitazama. Mbao mbili zinashuka kutoka tumboni mwa ndege na kukutana chini. Zinapokutana pana mwanya, na ekseli ya magurudumu imelala ndani ya mwanya huo. Haikupigiliwa. Imefungwa kwa kamba ya mpira, mzunguko juu ya mzunguko. Gurudumu likigonga ardhi, ekseli inapanda, mpira unavutika, kishindo kinakwisha humo. Hakuna springi wala mafuta. Watu wa mwanzo walioruka hawakuwa na kingine. Wapo waliotua juu ya mbao tupu, wakavunjika wao na ndege zao.

Ubaya wa mpira ni kwamba unarudisha. Unakula kishindo halafu unakitapika. Kwa hiyo nimeweka vipande vya ngozi mwanyani, viikwaruze ekseli ipande kwa shida na irudi kwa shida. Ngozi ya mbuzi, bado inanuka. Mikono yangu inanuka. Mchana nimekula wali kwa kijiko, na Baba kanitazama kama nimekufuru.

Hamed ni mdogo wangu. Alikuwa rubani wa ndege ndogo mpaka gari lilipompindukia njia ya Sur na kumvunja pingili ya mgongo wa chini. Madaktari walimwambia wazi: mgongo huu umeungwa, hautaki kishindo kingine. Sasa ana kiti serikalini na anakichukia kiti hicho. Anataka kuruka mara moja tu kabla hajazeeka. Mimi nafundisha ufundi wa mitambo chuoni Nizwa, niko likizo, nimekuja kukaa kwa Baba hapa Ibra ili nimtengenezee mdogo wangu miguu ya kutua. Sina kazi nyingine mwezi huu. Mgongo wake ndio kazi.


Jumatatu, 6 Januari.

Kamba ya mpira niliyoletewa ni takataka. Nimeikata, ndani imepasuka-pasuka kama kisigino cha mpagazi. Imekaa juani dukani kwa mtu miaka. Aliyeniuzia aliapa kwa Mungu. Kinyaa kimenishika, si cha mpira, cha kiapo.

Nimeagiza nyingine.


Alhamisi, 9 Januari.

Amekuja Mundhir. Ndege ni yake. Ana kambi ya watalii Al Mintirib, ukingoni mwa mchanga, na Jumamosi ya wiki ijayo anafungua mahema mapya. Anataka ndege ya mabawa mawili iruke mbele ya wageni, urefu wa mitende miwili, izunguke uwanja wa changarawe, ishuke. Ana kibali cha hayo tu. Ndege ilikuja ndani ya masanduku, na miguu iliyokuja nayo ilikuwa chuma kitupu, pambo la kuwekwa hotelini. Ndipo Hamed alipomwambia, dada yangu ataitengeneza.

Wazee wa Mundhir walitoka Bujumbura. Ni mtu mchangamfu, simkatalii. Lakini ana manukato ya kuua nzi, na ana mdomo.

Ameizunguka ndege, amepiga picha, amekunja uso.

"Dokta, mbona imelala chini? Inakaa kama punda amechoka. Wageni watapiga selfi na punda?"

Nimemweleza. Mpira ukiwa na uhai, ndege inazama kidogo kwa uzito wake. Ikisimama wima kama askari, basi hakuna mpira, kuna mbao.

"Sawa, sawa, sayansi nimeelewa. Lakini kaza kidogo. Kwa ajili ya picha, please."

Ameniacha na kahawa yake nusu kikombe, na kipisi cha sigara ndani ya kikombe. Ndani ya kikombe cha marehemu mama. Nimekiosha mara tatu. Bado nakiona.


Ijumaa, 10 Januari.

Alhamdulillahi. Mpira mpya umefika, mlaini, unanuka upya. Mizunguko kumi na moja kila upande, kila mzunguko nimeuvuta nusu ya nguvu yake tu, usizidi. Nusu nyingine naiacha kwa ajili ya ardhi. Nimeachia kutoka kiunoni, halafu kifuani. Wanja umefutika mpaka vidole vitatu kabla ya mwisho wa mwanya. Mifuko ya mchanga imekaa kitini kama wazee barazani, haikuruka.

Nimecheka peke yangu bandani.

Baada ya chakula cha mchana Baba kaja kutazama, na bakora yake. Ana miaka themanini na nne. Babu alikuwa fundi wa vitanda Unguja, na Baba alikulia chini ya vitanda hivyo, akiwamba kamba tangu ana miaka saba. Hapa Oman alikaa ofisi ya baladia, manispaa, miaka yake yote ya kazi, lakini ukimuuliza yeye ni nani atakwambia ni mwana wa fundi. Kaibonyeza kamba yangu kwa dole gumba. Kasikitika kwa kichwa, karudi ndani kulala.

Nilipaswa kukielewa kichwa kile.


Jumapili, 12 Januari.

Leo Sur na kurudi. Seremala wa huko amenitengenezea magurudumu ya njiti, mazuri, mepesi. Njia nzima nilikuwa na furaha. Naandika hili ili nikumbuke kwamba asubuhi nilikuwa na furaha.

Nimerudi alasiri. Baba yuko bandani kavua kanzu, yuko na singleti na shuka, jasho linamtoka, amekaa juu ya ndoo. Hamed anamshikia kamba. Mizunguko yangu yote iko chini, imefumuliwa. Na miguu yote miwili ya ndege imewambwa upya.

Mizunguko kumi na tisa. Nimehesabu. Kila mmoja umevutwa mpaka mwisho wa nguvu ya mtu, na kupigiwa kigingi cha mbao kati ili ukaze zaidi, na kufungwa kwa lile fundo la vitanda. Ukiipiga kwa kidole inalia. Nzuri! Wallahi nzuri kuitazama, safu juu ya safu, hakuna kamba iliyopanda mwenziwe. Kitanda cha harusi.

"Njoo uone, mwanangu. N'nani kakufundisha kuwamba wewe? Ile yako hata kuku asingelala. Kamba haiwambwi kwa huruma. Unaivuta mpaka iseme basi."

Nimesema, "Maashaallah, Baba. Ahsante, Baba."

Hayo ndiyo maneno yangu. Mwalimu wa ufundi wa mitambo, miaka ishirini na mbili. Maashaallah, Baba.

Hamed alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimvuta kando nikamuuliza alikuwa na akili gani. Kasema, "Kaniomba kamba, dada. Ningemwambia nini? Tangu mama afariki hajawahi kuomba kitu."

Ni kweli. Miaka miwili amekaa dirishani na redio. Leo amekula sahani mbili.


Jumatatu, 13 Januari.

Baba alipokwenda msikitini adhuhuri nimeifanyia jaribio kamba yake. Kutoka kiunoni tu. Wanja haukuguswa. Ekseli haikupanda hata unene wa ukucha. Fremu yote ilidunda, ikaruka, ikaanguka tena, na pigo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mfuko mmoja wa mchanga umetoka kitini. Ubao wa kiti una ufa.

Nimemwonyesha Hamed ufa. Kaupitisha kidole. Kasema, "Nitashuka taratibu."

Nimemwambia ardhi haijui taratibu zako. Kasema, "Basi mwambie Baba wewe." Nimesema mwambie wewe, wewe ndiye mwenye mgongo. Tukasimama pale, watu wazima wawili wenye mvi, kila mmoja anamsukumia mwenziwe kama watoto waliovunja gilasi. Nimejichukia. Nimemchukia na yeye.

Ndani Baba yuko na simu. Kampigia binamu yake Maskat, kampigia shangazi Unguja, kampigia mtu Nizwa ambaye nilidhani amekufa. "Ndege, ndege khasa! Nimeiwamba kwa mikono yangu hii." Kicheko chake kinafika jikoni. Sauti ile nilikuwa nimeisahau.

Fundo la baba halifumuliwi mbele ya baba. Hivyo tumelelewa. Hakuna aliyetuambia lifumuliwe vipi.


Jumatano, 15 Januari.

Mungu kafungua mlango, au shetani. Kuna msiba Birkat al Mauz, mzee aliyekuja na Baba meli moja. Hamed kampeleka matangani tangu asubuhi. Nimebaki na nyumba na banda.

Nimefumua. Saa moja na nusu kwa mguu wa kwanza tu, fundo lile ni shetani wa fundo. Vidole vimetoka malengelenge. Nimewamba upya kwa hesabu yangu, kumi na moja, nusu ya nguvu. Nimejaribu mara nne kutoka kifuani. Vidole vitatu, vidole vitatu, vidole vitatu na nusu, vitatu. Safi kabisa.

Halafu nimefanya uchafu. Nimechukua kamba iliyobaki nikazungushia juu juu, mizunguko minane ya bure isiyobeba kitu, ili ionekane kumi na tisa. Nikaipanga safu juu ya safu kama yake. Nikajifunza fundo lake kwa picha nilizopiga, nikalifunga mwisho. Nikasimama mbali nikatazama. Huwezi kujua.

Mwizi nadhani husimama hivyo, akitazama mlango aliourudishia vizuri.

Walirudi magharibi. Baba amechoka, macho mekundu. Kauliza, "Ndege haijambo?" kama mtu anayeuliza mjukuu. Nimesema haijambo, Baba. Sikuweza kula.


Alhamisi, 16 Januari. Al Mintirib.

Tumeileta ndege kwa lori. Baba kakataa kubaki. Kambini tumepewa chumba yeye na mimi, kina mito yenye picha za ngamia na maua ya plastiki bafuni. Mundhir kamkalisha Baba mbele ya kila mtu: "Huyu ndiye fundi mkuu!" Watu wamempa mkono. Wahudumu wanampa shikamoo.

Jioni, jua bado lipo, Baba kaenda kwenye ndege na bakora yake. Mimi nyuma yake. Kainama kwa taabu. Dole gumba. Akabonyeza mguu wa kushoto, akabonyeza wa kulia, akarudi kushoto.

"Imelegea."

Nimeinama kutoa changarawe kiatuni.

"Njia hii ya mashimo imeilegeza. Au baridi. Mpira ule si kamba, hauna uaminifu." Kanitazama. "Utaniitia Hamed kesho tuikaze."

Nimesema, "Pumzika, Baba, tutaona kesho." Hilo ndilo uoga wangu ulilopata kusema. Dakika ile alikuwa mbele yangu, hakuna mtu wa tatu, upepo umetulia, mkono wake begani mwangu ajiinue. Ningesema. Maneno kumi tu. Nikamsaidia kuinuka tukaenda kunywa maziwa.


Ijumaa, 17 Januari.

Nimemkamata Hamed kabla ya sala. Nimemwambia kila kitu: nimefumua Jumatano, iliyopo ni yangu, ya juu ni pambo, usimwache aguse. Kanikumbatia. Kasema, "Dada, umeniokoa." Nikajisikia mtu kwa saa mbili.

Baada ya sala na chakula wanawake wa familia ya Mundhir wameniita, ubani, halua, maswali. Kwa nini sikuolewa tena. Nizwa kodi za nyumba vipi. Nimekaa mpaka alasiri kwa adabu, kinywa kimejaa sukari.

Sikwenda kutazama ndege. Kulikuwa na watu wengi na nilikuwa nimechoka kuwachekea. Nilimwamini Hamed.


Jumamosi, 18 Januari.

Naandika ukumbini hospitalini. Nitaandika kwa mpango.

Saa tatu asubuhi ndege ilikuwa uwanjani. Imesimama wima. Mundhir anapiga picha, anaruka kwa furaha. Niliiona kutoka mahemani na nikajua kabla sijafika. Hesabu haikuwa na haja. Niliipiga kamba kidole. Ikalia.

Hamed alikuwa tayari kavaa kofia ya ngozi. Nimemwuliza kwa macho. Kanong'ona, "Baba kaja jana na vigingi vyake. Kaniambia shika, nikashika. Alikuwa na watu, dada. Wazee wanne walikuja kumtazama anavyofanya."

Baba alikuwa safu ya mbele. Kanzu nyeupe, kilemba, khanjari ambayo hakuivaa tangu harusi yangu. Wale wazee wanne pembeni yake. Binamu wa Maskat kaja na wajukuu. Alininyooshea bakora kunisalimu.

Ningeweza kusema simamisheni. Nina cheti, nina cheo, Mundhir angenuna, wageni wangekunywa juisi wakaenda zao. Ningelazimika kusema kwa nini. Mbele ya wale wanne. Nikamtazama Hamed, Hamed akanitazama mimi. Kasema tena lile neno lake, nitashuka taratibu. Nami nikarudi nyuma. Nilitembea kwa miguu yangu mwenyewe mpaka kwenye kamba ya watazamaji nikasimama hapo kama mgeni.

Iliruka. Ilikuwa nzuri. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Alishuka taratibu, kweli. Sijaona mtu kashusha ndege kwa uangalifu vile. Ilibaki usawa wa kifua cha mtu, upepo kidogo ukatoka mchangani, mabawa yakapoteza nguvu, ikaanguka hiyo iliyobaki. Kutoka kifuani. Kile kipimo nilichojaribu mara nne. Miguu haikuinama. Ndege ikadunda juu, watu wakapiga makofi wakidhani ni mchezo, ikaja chini pigo la pili. Mguu wa kushoto ukakatika. Ikalala kwa bawa.

Alikuwa macho. Alisema, "Msiniguse." Kwa sauti ndogo, ya heshima.


Jumapili, 19 Januari.

Pingili mbili. Ile ya zamani na ya juu yake. Wamempasua jana alasiri. Vidole vya mguu wa kulia vinacheza. Vya kushoto, wanasema tusubiri. Kuruka, khalas. Kutembea, inshaallah, na fimbo. Daktari kasema inshaallah kwa namna ya daktari.

Chai ya mashine ya hapa ina ladha ya sabuni. Nimekunywa tano.


Jumanne, 21 Januari.

Ukumbini, watu wengi, ndugu kutoka kila pembe. Mundhir kaja na kikapu cha matunda chenye utepe. Macho yamevimba, kalia kweli, simnyimi hilo. Lakini anatafuta pa kuutua mzigo. Kasema, si kwa ubaya, mbele ya watu wote: "Mimi nilisema toka mwanzo, ile mpira ya dokta ilikuwa laini. Ilikuwa imelala. Nilisema kaza."

Wakanitazama wote.

Baba kainuka. Imemchukua muda. Kasema, "Hapana, bwana. Usimsingizie mwanangu. Miguu ile nimeiwamba mimi, na siku moja kabla nimeirudia kuikaza mimi. Haikuwa na ulegevu hata kidogo. Kazi ya mtoto huyu haina lawama, wala yangu. Ni kadari."

Kanishika mkono akakaa.

Ananitetea. Kwa ushahidi ule ule. Watu wakasema kadari, kadari, Mundhir akasema kadari, na mimi nikainamisha kichwa, nikasema kadari. Nilikwenda chooni nikatapika chai.

Nikinawa nimejitazama kiooni. Siku zote hizi nimemchukia Mundhir kwa kikombe, muuza mpira kwa kiapo, Hamed kwa kuinamisha macho. Nilikuwa na kinyaa cha kutosha watu wote. Kumbe mchafu wa nyumba hii alikuwa ana kalamu mkononi.


Ijumaa, 24 Januari. Ibra.

Hamed anakaa kwa mto sasa. Jana kidole kikubwa cha kushoto kimetikisika, au tumetaka kitikisike. Kaniambia, "Mwambie Baba, dada. Mimi siwezi kulala nikimwona anavyoniombea."

Nimemwambia leo asubuhi, baada ya shikamoo, kabla ya redio. Nimekaa chini, yeye kitini. Nimeanza na Jumapili ile na kumaliza na Jumamosi. Sikujipunguzia. Nimemwambia kwamba nilifumua fundo lake kwa siri, na kwamba nililiiga ili asijue. Na kwamba uwanjani nilijua.

Nje mtu anafungulia maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakisikika yanavyokuja.

Baba kauliza, "Mlijua lini?"

"Siku ya pili, Baba."

"Wewe na Hamed."

"Mimi na Hamed."

Hakupiga kelele. Ningetaka apige. Kasema, "Mmeniona mtoto? Mngeniambia."

Akarudia, taratibu, hakuwa akinisemesha mimi hasa. "Mngeniambia tu."

Akataka bakora. Akasema nimwonyeshe. Nimesema, Baba, si lazima. Kasema nimwonyeshe.

Mguu uliokatika uko bandani, Mundhir aliurudisha na lori. Nimemwekea ndoo akae. Nimeleta chai nikaiweka juu ya kasha. Nimekata kamba yake, kwa kisu, mbele yake, hakuna tena haja ya kufumua. Nimefunga mzunguko mmoja kwa namna yangu, nikamwambia avute ekseli kwa mkono. Ikapanda, ikarudi. Nimefunga mwingine kwa namna yake. Akavuta. Haikwenda. Nikamwambia kitanda hakitembei, Baba, ndiyo maana kamba yake inavutwa mpaka mwisho, lakini hii lazima ubakishe nguvu, kwa ajili ya ardhi itakapokuja.

Akavuta ile yangu tena. Akaiachia. Akaivuta.

"Ubakishe nusu," kasema.

"Nusu, Baba."

Akachukua kamba mkononi mwangu akafunga mzunguko wa pili mwenyewe, na wa tatu, na kila mmoja ulikuwa sawasawa, nusu kamili, bora kuliko wangu. Nilipogeuka kumpa chai, ile ile niliyoileta kabla ya kumwonyesha, ilikuwa bado ya moto.